Baada ya Kuomba

...na sasa funga mdomo, mama, umeshasema, mshahara wa mwalimu mmoja, mwaka mzima, umetaja bila kupepesa macho, basi imetosha, usiongeze hata neno, binti wa semina ya kuomba michango alituambia hivyo kamati nzima ya wazazi, tajeni kitu kamili kisha nyamazeni, mkitangulia kuongea mtajipunguzia wenyewe, na akaniangalia mimi, kwa nini aniangalie mimi, tulikuwa watu kumi na wanne mle ndani... lakini haki yake, kwenye mazoezi nilimwomba mwenyekiti mshahara wa mwaka mzima, alipokohoa tu nikasema au muhula mmoja, alipojikuna nikasema au hata chaki, mwenyekiti wa watu hajafungua mdomo na mimi nimeshafika kwenye chaki, wakacheka mpaka mwenyekiti akavua miwani kujifuta machozi. Shemeji hajikuni. Shemeji ameshika karatasi yangu kwa mikono miwili, anaisoma kama kitabu, na ni mistari minne tu jamani, kwamba shirika lililokuwa likimlipa mwalimu linaondoka muhula huu ukiisha, asipopatikana mtu wa kumlipa darasa la watoto viziwi linafungwa, watoto tisa, mmoja wao mjukuu wangu, ambaye atarudishwa kukaa nyuma kwenye darasa la watoto sitini akitazama mdomo wa mtu ukichezacheza... "Bosi, hizi nyeupe za bafuni zipo nyingine?" dada wa mauzo huyo, mlangoni, Shemeji ameinua kidole, subiri, hata kwake hasemi, Mungu wangu, mtu huyu maneno yake anayaweka wapi, ofisi yenyewe vigae vitupu vimeegemezwa ukutani, feni inalia kwi, kwi, nami nimeikalia mikono yangu kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Au niseme nusu mwaka? Usiseme. Mjukuu wangu amempa kila mtu wa nyumbani alama yake ya mkono, mama yake ni kidole kwenye kishimo cha shavu, mimi ni vidole vinavyofunguka na kujifunga, kwapu kwapu, mdomo wa bata, miaka saba tu, ana adabu gani huyo, nampenda mpaka basi, na Shemeji ni kiganja kilichotulia juu ya meza. Jumapili wanacheza drafti hao wawili, hawana habari na sisi, vidole vinakwenda mbio, mabega yanatikisika kwa kicheko, nami kutoka jikoni nauliza mnacheka nini, nani anijibu... amejifunza lini alama zote zile? Hakuna aliyemtuma. Labda pale ndipo mahali pekee nyumbani kwangu asipokatwa maneno. Eh, na nani anamkata maneno?

Mimi. Mdogo wangu alipofariki, mke wa Shemeji huyu, miaka minne sasa, nilisimamia kila kitu, wageni wakae wapi, nguo zake apewe nani, niliongea siku tatu mfululizo kwa sababu ningenyamaza ningeanguka, na yeye akaja jikoni, ameshika fremu ya mlango, akasema, "Shemeji, asubuhi ile aliniambia..." nami nikamtia sahani mkononi, kula kwanza, hujala tangu jana, kaa, pumzika. Akala. Mwanamume mzima akala kwa sababu mimi nimesema ale, na lile neno hakulimalizia tena, wala sikumuuliza, miaka minne nimempelekea mboga, nimemkagulia mapazia, nimemtafutia mchumba mara mbili bila kuombwa na mtu, ila hilo moja sikuuliza... "Bosi, mteja anaondoka," na Shemeji hageuki. Macho yake hayasomi tena, yametua mahali pamoja kwenye karatasi, na mimi niliyedhani ananipigia hesabu ya kuninyima, kumbe huenda mtu anatafuta tu pa kuanzia. Ulimi unaniwasha, nimwokoe, nimwambie si lazima leo, ndivyo nilivyomwokoa siku ile na tazama nilichokipoteza. Naitaka ndiyo yake, sitajifanya malaika, watoto tisa hawali upole wangu, akisema hapana nitaumia, na kesho asubuhi nitagonga mlango mwingine, na mwingine. Lakini ndiyo au hapana, siinuki kwenye kiti hiki kabla sijamuuliza mdogo wangu alimwambia nini asubuhi ile, na akianza kunijibu, hata akisita katikati, hata akikaa kimya mpaka duka lifungwe, nitamwacha amalize.