Nyumba Iliyokuwa Kwenye Bendera

Jumatatu moja asubuhi, Agosti 2007, Wakonyo alikuwa akitia mafuta cherehani yake kwenye veranda ya duka la vitambaa mjini Kitale, diwani Wanjala alipofika kutoka Bungoma na mita nne za kitambaa cha kijani na mchoro uliokunjwa mara mbili. Mchoro ulikuwa wa mlima. Mwaka huo wa uchaguzi kila mtu alizungumza habari za kuigawa nchi kuwa majimbo, na kamati ya diwani ilikuwa imeamua kwamba jimbo lao lisingoje kura. Liwe na bendera kwanza.

"Kwani Bungoma hakuna mafundi?" aliuliza Nekesa, aliyeshona kwenye cherehani ya pili. Alizaliwa Matulo, hukohuko Bungoma, na alikuwa amekaa bega kwa bega na Wakonyo miaka kumi na mmoja.

"Wako, dada. Lakini Kitale itakuwa kwetu. Bendera ikishonwa hapa, hakuna mtu atasema ati Kitale ni ya wengine."

Wengine walikuwepo. Kamati ya mzee Kimaiyo, iliyodai mji huohuo kwa jimbo la watu wake, ilikuwa na bendera yake, nyekundu, na katikati yake mlima huohuo.

Wakonyo alipiga kitambaa pasi, akaanza kudarizi. Wazazi wake walitoka mbali, Nyeri, kwa watu wa kabila jingine. Yeye aliletwa kijiji cha Kwanza, nje ya Kitale, akiwa bibi harusi, na mumewe, Hiram, alizikwa hukohuko shambani. Aliushona mlima kwa uzi wa buluu na wa kijivu, vile alivyouona kila asubuhi akikamua ng'ombe.

Jumatano alipoikunjua kazi yake, mlima ulikuwa na ukungu. Aliugusa, kidole kikalowa. Nekesa alitazama magharibi, juu ya mapaa ya mji, akaona mlima wenyewe, Elgon, nao umefunikwa.

"Saa nne utafunguka," alisema, akarudi kwenye sketi aliyokuwa akiipinda.

Saa nne milima yote miwili ilifunguka. Saa tisa mvua ilinyesha kwenye kitambaa, maji yakachuruzika ukingoni mwa meza, na Nekesa akaweka beseni.

Alhamisi zilitokea nyumba. Wakonyo hakuwa ameshona hata moja, lakini zilikuwa pale, kuanzia miguu ya mlima hadi kwenye pindo, pamoja na mashamba, makanisa na njia za ng'ombe. Habari zikaenea. Walimu walikuja wakati wa chai, manesi walikuja na sare zao, wanaume walivua kofia. Walipanga foleni hadi kwenye benki, wakaongea kwa sauti ya kanisani. Bibi mmoja alimwona ndama wake ameingia kwenye mahindi ya jirani, akaaga, akaenda kumtoa. Nekesa alimwona mama yake huko Matulo akianika maharagwe kwenye turubai. Mama aliinua uso kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake, kisha akaendelea kuanika. Nekesa alisimama hapo muda mrefu, mikono kifuani.

Chini upande wa kulia, Wakonyo aliona mabati yake, mlango wake wa buluu, na kaburi la Hiram kando ya ua. Moshi ulitoka jikoni. Binti yake, Nyambu, alikuwa akipika.

Ijumaa walifika Wanjala na Kimaiyo, kila mmoja kwa gari lake. Walisimama mbele ya meza. Kimaiyo alishika kofia yake kwa mikono miwili. Wanjala alipiga magoti ili aone vizuri boma la baba yake karibu na Misikhu, ambako mzee alikuwa ameketi nje akimenya muwa.

"Sijamwona tangu Pasaka," alisema, na machozi yakamtoka.

Baadaye walianza kubishana mlima ni wa nani. Walibishana robo saa nzima, kwa adabu, hadi Wanjala alipoweka kidole upande wa kulia.

"Hii ya mlango wa buluu ni ya nani?"

"Ni yangu, Mheshimiwa," alisema Wakonyo.

"Itoe."

"Sikuishona. Ilikuja yenyewe."

"Mama, sina ubaya na wewe. Si hata hii suti ulinishonea wewe? Lakini hii ni bendera. Bendera ni ya wenyewe."

Kimaiyo, aliyekuwa amekataa kila neno la Wanjala tangu afike, aliinamisha kichwa. "Hapo," alisema, "amesema ukweli."

Wakonyo alichukua wembe. Alitafuta uzi wa kufumua, asiuone. Ncha ya wembe ilipogusa bati, mbwa alibweka ndani ya kitambaa, na Nyambu akatoka jikoni, akakinga macho kwa mkono, akatazama angani. Wakonyo aliweka wembe chini.

"Siwezi."

"Basi tuweke kiraka," Wanjala alimwambia Nekesa. "Shona wewe, dada. Wewe ni wetu."

Nekesa alichukua mkasi. Mumewe alikuwa mlinzi sokoni, na aliyempatia kazi hiyo ndiye aliyesimama mbele yake. Alikata kipande cha kijani cha ukubwa wa kiganja. Kitambaa kilikuwa kikiteleza, kazi ikataka watu wawili.

"Mama Nyambu," alisema bila kuinua macho, "nishikie hapo."

Wakonyo alimshikia. Nekesa alishona pande tatu kwa mkono, mishono midogo sana, mizuri kuliko yote aliyowahi kushona. Upande wa mlango aliuacha wazi.

"Wapate hewa," alinong'ona.

"Asante," alisema Wakonyo.

Jioni hiyo, kule kijijini Kwanza, Wakonyo alikuta boma lake limeingia kivuli cha kijani, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe. Chakula kilikuwa tayari. Majirani waliopita barabarani hawakusalimu. Walitazama mahali palipokuwa na nyumba kama watu wanaotazama shamba lililovunwa.

Mwezi wa Novemba bendera ilipandishwa mjini Bungoma. Umati ulikuwa umekuja na nyimbo, lakini kitambaa kilipofunguka hakuna aliyeimba. Mlima ulisimama juu yao, ukawa na mawingu yake, na mvua yake ikawanyeshea wageni wa heshima. Mchungaji aliacha sala katikati. Waliokuwa karibu na mlingoti walijiona wenyewe, wadogo kama mbegu za wimbi, wamesimama uwanjani wakiitazama bendera nyingine ndogo zaidi. Wazee walilia. Hata polisi walivua kofia. Kiraka kilionekana waziwazi, na hakuna aliyeuliza habari zake.

Baada ya kura, Januari, watu walikuja Kwanza na viberiti. Walipita nyumba tano, wakasimama kwenye ya sita, ya mlango wa buluu, bila kuuliza njia. Siku hiyohiyo kiraka kiliungua kikaacha tundu lenye kingo nyeusi. Kamati iliona kwamba sehemu nyingine zote za bendera zilikuwa salama, ikaitia kwenye fremu ya kioo, na wageni wakaendelea kupelekwa kuitazama. Wakirudi walisema hawajawahi kuona kitu kikubwa namna ile.

Wakonyo na Nyambu walikuwa kwenye hema, katika kambi ya waliochomewa nyumba, pembezoni mwa mji wa Kitale. Nekesa alileta unga na blanketi, akakaa nao hadi mchana, wakaongea habari za mafua ya Nyambu. Alipoondoka, karani wa usajili alifika kwenye safu yao. Alikuwa mtu mpole. Alimvutia Wakonyo kiti kabla ya kufungua daftari.

"Nyumbani ni wapi, mama?"

"Kwanza."

"Hapana, hapo ni mahali mlikuwa mnakaa. Nauliza nyumbani, nyumbani kabisa."

"Kwanza," alisema Wakonyo.

Karani alishusha kalamu kwenye karatasi. Kisha alichora kistari kwenye nafasi ya jibu, akamshukuru, akaita jina lililofuata.