Kitufe Chekundu cha Isaka

Kompyuta yenyewe iko Isaka, kwenye karakana ya mizani ya malori. Mimi niko Ushirombo, naingia humo kwa mtandao kuandika programu ya kupimia. Sioni picha wala kishale. Naona dirisha jeusi lenye herufi tu. Naandika neno, nangoja, linatokea limepungukiwa herufi mbili. Narudia. Siku tatu naishi hivyo, mimi niliyejifunza kila kitu bila mwalimu!

Na kitufe cha kuhifadhi kazi sina. Kibodi ya ile mashine inacho, chekundu, mwisho kushoto. Kwangu lazima nibonyeze vinne kwa mfuatano, na mtandao ukimeza kimoja, naanza upya.

Saa kumi mhandisi Paskazia angeichukua programu yangu akaijaribu. Mzani ukipima sawasawa, kazi ni yangu. Saa tisa na nusu nikamaliza mstari wa mwisho, nikabonyeza vinne. Kimya. Nikarudia. Dirisha limeganda.

Ujumbe wa Paskazia ukaingia: "Boaz, nachelewa kidogo. Isaka kuna radi."

Radi! Mlinzi wa karakana, mzee Stanslaus, akisikia radi hufunika kioo kwa kanga na kuchomoa kila waya, kama wafanyavyo kwao. Na kazi yangu yote haijahifadhiwa. Nikampigia.

"Mzee, usichomoe!"

"Nani huyo?"

"Boaz! Wa Ushirombo!"

"Huko Ushirombo shikamoo imekwisha?"

"Mzee, sasa hivi si wakati wake!"

"Wakati wake lini? Ukija kunizika?" Akakata.

Nikazunguka chumba natukana kuta. Nikapiga tena, nimeandaa maneno makali. Nikayaacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Ng'ombe?"

"Wazima." Nyuma ya sauti yake radi ikanguruma. Meno yananiuma kwa kuyakaza.

"Mvua imefika huko?"

"Bado, mzee. Ule waya..."

"Ninao mkononi. Sijachomoa. Nilitaka kwanza nijue umelelewa wapi."

"Kabla hujachomoa, mzee wangu, kwenye kibodi, mwisho kushoto, kitufe chekundu. Bonyeza mara moja."

"Hiki? Haya. Nimeinua kanga, kioo kimeandika: imehifadhiwa."

Nikakaa chini, sakafuni.

"Sasa nachomoa," akasema. "Na Paskazia akifika nitamwambia kijana wake anajua kazi, ila salamu mpaka upigiwe mara mbili."