Tetteh Apata Mgeni

Tetteh alikuwa amebakiwa na manyoya ya kichwa, ya mabawa na ule mkia wake mwekundu. Kifuani na mgongoni alikuwa uchi kama kuku wa sikukuu, na aliyemnyonyoa hakuwa paka wala mtoto mtukutu. Alijinyonyoa mwenyewe, unyoya mmoja mmoja, tangu binti mdogo wa Awo Dedei alipoolewa na kuhamia Kumasi.

Awo Dedei, maana kwetu mama huitwa Awo, alikuwa mpika komi wa Teshie, yale madonge ya mahindi yaliyochachuka yanayofungwa kwa maganda ya mahindi na kuliwa na samaki wa kukaanga na pilipili. Mungu alimpa mabinti wawili, akaishia hapo. Kwa hiyo kasuku alipoletwa nyumbani, yeye akampa jina ambalo kwetu hupewa mtoto wa kiume wa kwanza. Majirani walicheka mpaka wakachoka wenyewe. Miaka kumi na miwili Tetteh aliita wateja, "Moto! Moto! Komi ya moto!" kwa sauti ya Dedei mwenyewe, hata watu wakawa wanamsalimu yeye kwanza ndipo wamkumbuke mwenye chungu. Sasa alikuwa kimya mwezi wa tatu, na tundu lake la mviringo limejaa manyoya ya kijivu.

Daktari wa mifugo alikuja siku ya Jumatatu, mwanamke mwembamba asiyejua kuyapaka maneno sukari.

"Kaa. Kunywa maji kwanza," Dedei akamwambia, kama alivyomwambia kila aliyevuka kizingiti chake maisha yake yote. Ilibidi daktari anywe ndipo aruhusiwe kumshika mgonjwa.

"Ni upweke, Awo," akasema baada ya kumgeuza Tetteh huku na huku. "Hana ugonjwa mwingine. Lakini upepo mkavu wa harmatani ukimkuta uchi namna hii, ile baridi ya alfajiri itamuua. Una kama miezi miwili."

Dedei akakaa chini.

Daktari akataja yanayotakiwa. Tundu pana, si refu. Liwe na pembe, maana ndege ndani ya mviringo hana pa kujificha. Vyuma vilale, apate kupanda. Lisipakwe rangi, atatafuna. Likae ukutani, mbali na moshi wa komi. Na apatiwe mwenzake, kasuku kama yeye, watenganishwe kwa kizuizi mpaka wazoeane.

"Na usisahau hili. Mwenyeji kwanza. Chakula, maji, salamu, anza na Tetteh. Mgeni baadaye."

Dedei akaitikia kwa kichwa, lakini moyoni akalitupa jalalani. Mgeni baadaye! Alimwonea daktari huruma. Kusoma amesoma, lakini nani alimlea?

Fundi wa matundu hakuna Teshie. Kuna mafundi wa majeneza, na Ataa, yaani Baba, Odartey alikuwa mmoja wao. Mvuvi akifa alimchongea jeneza la samaki, dereva alizikwa ndani ya lori, na bibi mmoja muuza vitunguu aliondoka duniani ndani ya kitunguu kilichong'aa mpaka wafiwa wakasahau kulia. Odartey alisikiliza maelezo ya Dedei huku amefumba macho, akisema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa. Baada ya wiki moja akafunua turubai kwa mbwembwe.

Lilikuwa tunda la kakao. La manjano, limesimama wima, linang'aa kwa rangi ya mafuta.

"Ataa," Dedei akasema taratibu, "pembe ziko wapi?"

"Kakao ina pembe tangu lini?"

"Na ndani humo atageukaje?"

Odartey akajikuna kidevu. "Wateja wangu huwa hawageuki, Awo."

"Na rangi je? Si nilikwambia atatafuna?"

"Miaka arobaini napaka rangi. Hajawahi kurudi hata mmoja kulalamika."

Dedei alicheka mpaka akashika nguzo, kisha ghafla akaacha. "Ataa, huyu wa kwangu bado yu hai. Nataka abaki hivyo. Nisaidie."

Mzee akaona machozi, na utani wote ukamwishia. Alifanya kazi siku nne, na hilo la pili lilikuwa tundu kwelikweli: pana kama mikono miwili iliyonyooshwa, mbao tupu, vyuma vitupu vilivyolazwa, matawi ya mpera ndani, manene kwa membamba, na katikati kizuizi cha vyuma cha kuchomoa. Juu ya paa, mahali mdomo wa Tetteh usipofika, alichonga donge moja la komi na maganda yake. Hakuweza kujizuia, na Dedei hakuwa na moyo wa kumkatalia.

Likabaki la mwenza, na hapo kila mtu akawa mshenga. Jirani wa kushoto alileta njiwa. Jirani wa kulia alileta jogoo, akaapa kwamba jogoo ni mchangamfu kuliko kasuku yeyote. Shemeji yake akapendekeza kioo: "Ajione mwenyewe, adhani ni ndugu yake." Dedei aliwashukuru wote, akawarudishia vyao.

Mwishowe alimpata Madam. Madam alikuwa kasuku wa Bi Kwarley, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye mwanawe alimwita akaishi naye Tema katika nyumba yenye paka wawili. Daktari alimkagua Madam, akasema ni mzima.

"Anapenda nini?" Dedei akauliza.

"Chikichi zilizoiva," Bi Kwarley akasema, "na kunyamazisha watu."

"Fungua daftari!" Madam akaamrisha. "Kaa kimya!"

Basi Madam akaingia Teshie Ijumaa asubuhi, na Dedei akampokea kama mtu anavyopaswa kupokewa. "Kaa. Kunywa maji kwanza," akamwambia, akamwekea kikombe kipya. Akampa upande wa dirishani, wenye tawi nono kuliko yote. Chikichi nyekundu zilizong'aa akampa yeye, zilizosinyaa akamwekea Tetteh. Asubuhi alimsalimu mgeni kwanza na kumuuliza amelalaje. Majirani walikuja kumwona wakamjaza sifa, macho yake, mkia wake, Kiingereza chake cha shule. Tetteh aliyasikia yote akiwa upande wa pili wa kizuizi.

Siku ya kwanza aliwageuzia mgongo. Siku ya pili hakugusa chakula. Siku ya tatu alijing'oa unyoya wa bawa, mrefu, ukatoka na tone la damu, na Dedei akapiga ukelele uliowatoa wateja foleni.

Akatoa nguo, akafunika upande wa Madam. Alikuwa ameshaamua kumrudisha, ingawa hakujua amrudishe wapi. Aliogopa, na aliona aibu pia, maana hajawahi kumfukuza mgeni.

Hapo ndipo Odartey alipotokea kuchukua komi yake, ambayo ndiyo malipo waliyoafikiana, mbili kila asubuhi mpaka Krismasi.

"Vipi, mbona umefunika kazi yangu?"

"Kaa. Kunywa maji kwanza," Dedei akasema, kamasi zikimtoka. Mzee akanywa. Kisha akaelezwa yote, chikichi, dirisha, salamu za asubuhi, na huyu mtoto asiye na shukrani anayetaka kufa kwa wivu.

Odartey alishangaa. "Tetteh! Hata yeye ana wivu? Mgeni wake amemkosea nini?"

"Mgeni wake?"

"Si wake? Tundu nilimchongea nani?"

Dedei akabaki na kata mkononi. Ghafla alijiona ana miaka saba, amejibanza chini ya meza ya mama yake. Baba alikuwa ameleta binamu kutoka Ada. Binamu akapewa mkeka wa Dedei, samaki wa Dedei, na kigoda cha Dedei kilicho karibu na mlango, kwa sababu ni mgeni, na hakuna aliyemuuliza mwenye kigoda. Alikaa chini ya meza siku mbili na kumng'ata binamu mguu kila alipopita. Siku ya tatu mama yake aliinama, akamwekea samaki wawili mikononi. Mmoja wako, alimwambia, mwingine mpe mgeni wako. Dedei alitoka chini ya meza kifua mbele, na binamu yule ndiye aliyekuja kusimama naye siku ya harusi yake.

"Loo," akasema. "Nimemkaribisha mimi. Mwenye nyumba hata sikumwambia."

Akafunua nguo. Akachukua chikichi zote, zile nyekundu, akaziweka kwenye bakuli la Tetteh. La Madam akaliacha tupu. Mkono wake ulikataa kabisa, ilibidi aushike kwa mkono mwingine, na uso ulimwaka moto kana kwamba marehemu mama yake yuko dirishani anamwona akimnyima mgeni.

"Tetteh, mwanangu," akasema, "habari za asubuhi. Umelalaje? Una mgeni."

Tetteh akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa la pili. Akashuka tawi kwa tawi. Akala chikichi ya kwanza taratibu, huku Madam akimkodolea macho kupitia vyuma. Akala ya pili. Odartey alikuwa ameshika komi yake bila kuimenya.

Tetteh akachukua ya tatu, kubwa kuliko zote, akapanda nayo mpaka kwenye kizuizi. Akasimama hapo kwa muda. Kisha akaipenyeza mdomo kwa mdomo, na Madam akaipokea. Tetteh akajikung'uta manyoya machache aliyobakiwa nayo, akanyoosha shingo, na kwa sauti ya Dedei, na maneno ambayo hakuwahi kuyatamka hata siku moja kwa miaka kumi na miwili, akasema:

"Kaa. Kunywa maji kwanza."

"Kaa kimya!" Madam akamjibu, mdomo umejaa.

Hakukaa kimya. "Moto!" akapiga kelele. "Moto! Moto! Komi ya moto!" Kule mbele foleni nzima ikashangilia, na Dedei akaketi juu ya gunia la mahindi akalia mpaka kanga yake ikalowa. Odartey alisema ni moshi uliomwingia machoni yeye pia, ingawa chungu kilikuwa mbali na upepo ulivuma kwingine.

Harmatani iliingia wiki ya pili ya Desemba, na vumbi lake na midomo yake mikavu. Daktari alikuja asubuhi moja akiwa amejifunika shali. Kizuizi kilikuwa kimeshachomolewa. Tetteh alisimama tawini amevaa manyoya mapya ya kijivu, mafupi bado, yamesimama kila upande kama nywele za mtoto aliyetoka kuogeshwa, na Madam alikuwa anamchana shingo kwa mdomo, unyoya mmoja mmoja, bila kung'oa hata mmoja.

Daktari akavuta kigoda, akanyoosha mkono kupokea maji. Dedei alikuwa ameshachota. Alifika mbele yake na kikombe, akasita, akampita.

"Samahani, daktari," akasema, akilijaza bakuli la Tetteh. "Wewe utasubiri kidogo."