Mawe ya Kashindye

Wilhelmina aliinua neti kutoka kijitoni, akaimwaga kwenye beseni jeupe, akachungulia. Hakuna kitu. Mchanga tu na kipande cha jani la mgomba. Akasonya.

Hapa palikuwa juu ya karakana ya ngozi ya Chenge, mahali ambapo maji yalitakiwa kuwa mazima. Maji mazima hujulikana kwa wakazi wake, vidudu vya mikia mitatu vinavyong'ang'ania chini ya mawe na kufa mapema uchafu ukiingia. Chini ya karakana, mfereji wake wa maji machafu unapomwagikia kijitoni, alikuwa amepata minyoo myekundu tu, ile isiyojali uchafu. Lakini bila vidudu vya juu, angeiambia nini jumuiya ya watumia maji? Chenge angesema kijito kizima kilikufa zamani, yeye hahusiki. Na miguu ya Suzana, binti wa Wilhelmina, ingeendelea kutoka vidonda kila alipooga kule chini Igogo.

Kukata tamaa hakukuwa desturi yake. Aliketi ukingoni akatazama upya, ndipo akaona kwamba mawe hayapo. Kijito kilikuwa kitupu kama sahani iliyorambwa.

Akamjua mwizi. Akapanda moja kwa moja hadi kwenye lundo la kokoto, alikoketi mama yake, Kashindye, nyundo mkononi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Mawe ya kijitoni umeyachukua wewe?"

"Nani mwingine? Yameoshwa na maji, hayana udongo, mafundi wanayagombania."

"Vidudu vyangu vinaishi humo. Naomba yale ambayo hujayaponda."

Kashindye akacheka mpaka nyundo ikamponyoka. "Nimekusomesha ili uje kuwajengea wadudu nyumba?"

"Ili Suzana apone miguu, mayu."

Kicheko kikakatika. Kashindye akasokota kanga akatengeneza kata, akajitwika jiwe la kwanza mwenyewe. Wakabeba hadi jua likachwea. Waliyapanga mawe juu ya karakana na chini yake vilevile, ili Chenge asipate pa kuchomokea. Kisha wakasubiri vidudu viteremke na maji kutoka milimani, na kusubiri huko kulimchosha Wilhelmina kuliko kubeba.

Mwezi ulipopita, aliingia mkutanoni na mabeseni mawili. Katika la juu, mikia mitatu ilikuwa ikichezacheza kila upande. Katika la chini, minyoo myekundu.

"Mnataka kunifungia kazi kwa sababu ya wadudu?" Chenge akafoka.

Mwenyekiti alichungulia beseni moja, akachungulia la pili, akarudia la kwanza. "Kijito ni kimoja, mawe ni ya lundo moja," alisema. "Katikati uko wewe. Mfereji wako uzibwe."

Wilhelmina alilia pale pale, wala hakuona haya.

Asubuhi yake alikwenda kuvirudisha vidudu. Kabla hajafika aliisikia sauti ya mama yake. Malimi, mponda kokoto mwenzake, alikuwa ameinama kijitoni na karai, na Kashindye alikuwa amesimama juu yake, mikono kiunoni.

"We Malimi! Rudisha hilo jiwe. Lina wenyewe."