Usiachilie Resi, Hamdan

Mimi nikiambiwa "Dada Chiku, sasa pumzika," damu hunichemka. Nipumzike na nani? Marehemu mume wangu anapumzika makaburini kwa niaba yetu sote wawili. Mimi ndiye naosha maiti wa kike wa Kiislamu, kuanzia hapa Majengo, Nyeri, mpaka Naro Moru huko, na maiti hangoji. Mtu akifa alfajiri, siku hiyo hiyo anazikwa. Kwa hiyo niko na skuta. Nilinunua mwenyewe, naendesha mwenyewe, buibui nimelikunja vizuri chini ya paja lisiingie kwenye gurudumu, na asiyependa afumbe macho.

Ugomvi ulianza asubuhi moja ya ukungu. Niliitwa Naro Moru, kuna mama amefariki. Taa ya skuta wakati huo ilikuwa inamulika gurudumu lake tu, ya mbele yote ni kubahatisha. Karibu na Kiganjo sikuona kona, nikaingia mtaroni, mimi na ndoo yangu ya vifaa. Sikuvunjika kitu. Lakini nilipofika, nimejaa tope mpaka masikioni, yule mama alikuwa ameshazikwa. Binti zake walimwosha wenyewe huku wanalia, hakuna wa kuwaelekeza. Mkubwa wao akaniuliza, "Mama, sisi tulianza na upande wa kushoto. Tumemkosea?" Nikamwambia Mungu anajua nia yao. Roho iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Basi ndugu yangu Hamdan akapata pa kusemea. Hamdan ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni huyo, lakini tangu aingie kamati ya msikiti anatembea kifua mbele. Alikuja akasimama mlangoni kwangu, hata kiti hakutaka.

"Dada, kamati imekaa. Umri umeenda. Kuanzia sasa ukiitwa msiba wa mbali, utangoja tukutafutie gari. Hiyo skuta nipe ufunguo, kuna mtu anaitaka."

"Kwenye hiyo kamati mna wanawake wangapi?"

"Dada, mambo si hayo."

"Nimekuuliza."

Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Basi kawaambie Chiku amekataa. Gari lenu nalijua, litakuja dereva akishakunywa chai na kumaliza stori. Na ufunguo hupati. Ng'o!"

Aliondoka amenuna. Mimi ningemsahau kabla ya adhuhuri, lakini maneno yalifika Chaka, kwa rafiki yangu Sumayya. Huyo tumesoma chuoni pamoja, tumeolewa mwaka mmoja, tumenuniana na kupatana hata sikumbuki mara ngapi. Alikuwa anaumwa. Ugonjwa ulikuwa umemla mwili wote ukamwachia macho na mdomo, na mdomo wenyewe haukuwa umepungua hata kidogo.

"Wee Chiku," akaniambia nilipoenda kumwona, "ati siku hizi unangoja gari?"

"Nani kasema?"

"Sikiliza. Mimi siku zangu nazijua. Sitaki kuoshwa na watu wanaoulizana tuanze wapi. Nakutaka wewe. Niapie utafika."

Nikamwapia. Nikatoka pale nimeshikilia usukani mpaka vidole vinauma, maana kuapa ni rahisi, lakini ukungu wa Kiganjo haujui viapo vya mtu. Nilihitaji taa.

Nikaenda kwa Mwai, fundi wa pikipiki pale Ruring'u. Nilitaka anifungie taa mbili za mbele, zile vijana wa boda huita spoti.

"Shosh, hii skuta haiwezi beba spoti," akasema, kama anaongea na nyanya yake. "Hii ni ya kuenda soko na kurudi."

"Mimi nimekuuliza kazi, sijakuuliza maoni."

Akacheka, kisha akaangalia barabarani kama mtu anayeogopa kuonekana. "Ukweli ni Hamdan alikuja hapa. Alisema nisiguse skuta yako. Mimi sitaki maneno na wazee."

Haki ya Mungu, nilipandwa na hasira nikaona nyota. Kumbe ananizibia mpaka kwa fundi!

"Sawa," nikamwambia, "usiguse. Lakini mdomo wako hajaufunga. Niambie mtu akitaka kuzifunga mwenyewe anafanyaje."

Mwai akajikuna kichwa, akaniambia. "Usiunganishe kwa waya ya taa kubwa, itaungua na swichi yake. Toa moto kwa betri. Hapo karibu na betri weka fyuzi. Halafu weka hii kitu." Akanionyesha kidude cheusi cha mraba, rilei. "Swichi inaamsha rilei tu, rilei ndio inabeba mzigo. Waya nyeusi inarudi kwa bodi. Na ukumbuke hizo spoti zinakula moto. Ukisimama bila kupiga resi, betri inaisha."

Nikanunua vitu vyote, nikavitia ndooni, nikaenda navyo kwa Sumayya. Kama ni kuaibika, bora niaibike mbele yake.

Mkwe wake, Wangui, alimtoa nje juani, akamfunika blanketi, tukampa kisahani cha nati akishike mapajani. Nilifungua skuta nikaona nyaya zimejazana humo ndani, nikasema astaghfirullah, lakini kurudi nyuma sikujui. Nikafunga fyuzi, nikafunga rilei, nikavuta waya wa swichi mpaka kwenye usukani, nikafunga na ule waya mweusi. Nikabonyeza swichi. Kimya. Nikaangalia fyuzi, nzima. Nikabonyeza tena. Wapi!

"Ule mweusi umeufunga kwenye nini?" Sumayya akauliza.

"Kwenye bodi. Mwai kasema bodi."

"Hebu igonge."

Nikagonga. Ko, ko. Plastiki tupu, kama beseni langu la kufulia. Skuta imevishwa plastiki mwili mzima, na mimi nimeng'ang'ana kuupitisha moto humo.

"Fundi Chiku!" Sumayya alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa. "Umeuunganisha moto na beseni! Hamdan asisikie!"

Nilicheka nami, ungefanyaje. Nikatafuta chuma chenyewe kule chini, nikaikwangua rangi kwa kisu cha jikoni, nikaukaza ule waya hapo. Safari hii nilipobonyeza, kuku waliokuwa mbele wakatimka. Sumayya akajikinga macho na mkono, ingawa ilikuwa mchana.

"Haya," akasema. "Sasa hata nikijificha utaniona."

Alifariki Julai. Wangui alinipigia nikiwa bado kwenye mswala, swala ya alfajiri nimeimaliza hivi punde. Sikulia. Nilipanga ndoo: kafuri, pamba, vitambaa, sanda. Simu ikalia tena, na huyu alikuwa Hamdan.

"Dada, tulia nyumbani. Sisi tulitangulia na gari ili baadaye lije likuchukue, lakini tumekwama Kiganjo, dereva haoni mbele. Ukungu ukiinuka litakuja."

"Nimesikia," nikasema, nikapiga stata.

Ukungu ulikuwa umelala barabarani, hata mti hauoni. Lakini zile taa nilikuwa nimezifunga chini, zikapita chini kwa chini, nikauona mstari mweupe wa ukingo wa lami. Nikaushika huo huo, polepole, malori yakinguruma huko upande wa pili. Pale Kiganjo, karibu na mtaro wangu wa siku ile, nikalikuta gari la kamati limeegeshwa, linawasha na kuzima taa zake za pembeni. Nikagonga kioo. Hamdan akashusha, macho yamemtoka.

"Fuateni taa yangu nyekundu," nikamwambia. "Na msinipigie honi."

Wakafuata mpaka Chaka, wazee wazima, nyuma ya skuta.

Kwa Sumayya stima ilikuwa imepotea tangu jana. Walimlaza kwenye stoo ya mbao isiyo na dirisha, ndani giza totoro. Wangui akatoa simu awashe tochi.

"Rudisha hiyo. Ninapoosha mwanamke, simu haiingii."

"Lakini mama, taa ya mafuta hatuna."

Hamdan akasikia akiwa uani. "Dada, basi tungoje stima irudi. Au ukungu uinuke."

Kungoja, kungoja! Huyu mtu angezaliwa kituo cha gari. Nikatazama skuta yangu. Nikaisukuma mpaka mlangoni, nikatundika shuka jeupe jepesi mlango mzima, nikapiga stata, nikawasha taa. Mwanga ukapenya, stoo yote ikawa nyeupe. Aliye nje anaona shuka tu, aliye ndani anaona kazi. Lakini injini iliposhuka, taa nazo zikaanza kufifia, na maneno ya Mwai nikayakumbuka.

"Hamdan! Njoo hapa. Geuka, mlango upe mgongo. Shika hapa, zungusha kidogo. Usiachilie resi mpaka nikwambie."

"Dada, mimi..."

"Wewe nani? Shika!"

Akashika.

Nikaingia. Wangui akamimina maji, nami nikaanza na upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Alikuwa mwepesi jamani, mwepesi sana. Nikamwambia polepole, "Nimefika, mwenzangu. Sikungoja gari." Hapo ndipo nilipolia. Nililia na mikono inafanya kazi. Mara mwanga ukapungua, nikamsikia Hamdan huko nje anavuta kamasi.

"Hamdan! Resi!"

Injini ikapanda, mwanga ukarudi. Haukupungua tena mpaka tulipofunga sanda.

"Basi," nikasema. "Achilia."

Injini haikushuka. Nikatoka nje. Alikuwa amesimama vile vile, mgongo kwa mlango, manyunyu yamemlowesha kofia na kanzu, vidole vimekauka kwa baridi juu ya usukani.

"Umemaliza kweli?" akauliza bila kugeuka. "Nisije nikamwachia gizani."

"Nimemaliza. Na ufunguo huo hapo mbele yako. Kama kamati bado inautaka, chukua."

Akazima injini. Akauchomoa ufunguo, akaupangusa kwenye kanzu yake, kisha akageuka akaniwekea kiganjani. Mkono wangu ulikuwa bado umelowa, unanuka kafuri.

"Sasa unasimama nini?" nikamwambia. "Nenda kapange safu za swala ya jeneza. Sumayya hangoji."