Gobore la Mhunzi Obadia

Mzee Alute wa Issuna hakuogopa kusalimisha gobore lake. Serikali ilikuwa imetoa msamaha: mwenye silaha bila kibali airudishe kwa hiari, hatashtakiwa. Tena gobore lenyewe, maisha yake yote, lilikuwa limeua sufuria moja tu ya jirani, na siku hiyo mzee alikuwa amelenga kanga. Kilichomnyima raha ni kifyatulio kilichovunjika. Gobore lilifuliwa na marehemu baba yake, mhunzi Obadia, ambaye hakuwahi kuruhusu chombo kitoke mikononi mwake kikiwa kilema. Leo polisi waandike "bovu" juu ya kazi yenye alama yake, ile mikwaruzo mitatu? Aibu iliyoje!

Basi, siku moja kabla ya msamaha kwisha, akafunga kile kipande kwenye leso, akapanda basi mpaka Utemini kwa Magreth, binti wa mdogo wake. Magreth ana mashine ya kompyuta inayochapa vipuri vya plastiki vya mitambo ya kukamulia alizeti.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nichapie hiki."

Magreth alikigeuzageuza, akakirudisha upesi.

"Hiki ni kipande cha silaha. Nikikichapa, hata cha plastiki, kwa sheria nimetengeneza silaha. Mimi na mashine tutalala ndani."

"Lakini gobore ni la kurudisha!"

"Baba mkubwa, yaani nivunje sheria ili wewe uitii vizuri?"

Mzee alikifunga tena kile kipande. Akanywa chai, akanuna, akarudi na leso yake.

Kesho yake, kwenye ofisi ya kijiji, askari Scholastika alimwamkia, akalipokea gobore, akavuta fomu. Silaha: gobore. Hali: bovu. Alute aliumia kweli, machozi yakamlengalenga mbele ya watu.

Askari akapitisha kidole kwenye ile mikwaruzo mitatu. "Mbona alama hii naijua? Iko kwenye jembe la bibi yangu kule Mwankoko. Analilimia mpaka leo."

"Halijavunjika?"

"Mipini ndiyo inavunjika, Mzee. Jembe lipo vilevile."

Alute akanyoosha mgongo. "Basi andika na hilo."

"Fomu hii ni ya silaha."

"Andika pembeni."

Scholastika akaitazama foleni, akacheka, akaandika pembeni: jembe, zima.