Chuma Katika Damu ya Kina Breslin

Asubuhi ambayo Conal Breslin alikuwa amelazwa sebuleni kwake ndani ya jeneza, amevishwa suti yake ya harusi, mkewe Assumpta aliingia peke yake kabla majirani hawajaanza kufika, akaivua beji iliyokuwa kwenye ukosi wa koti. Ilikuwa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu, ile wanayovaa watu walioapa mbele ya padri kwamba hawataonja kileo maisha yao yote. Conal alikuwa ameivaa tangu ana miaka kumi na sita. Assumpta alifungua mlango wa jiko, akaitupa motoni, akanawa mikono, akaanza kukata mikate ya wageni.

Hakufanya hivyo kwa chuki. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ini la Conal limekakamaa na kusinyaa, na alipoulizwa sababu, daktari aliangalia pembeni. "Mara nyingi ni pombe, Bi Breslin." Basi. Mtu kunywa kwa siri, Assumpta aliona, ni udhaifu wa binadamu. Lakini kwenda kaburini na beji ya uongo kifuani, hapana. Asimdanganye na Mungu.

Watu wa kijiji chao, Meenadoran, walikuja siku mbili mfululizo, wakanywa chai, wakasali rozari, na kila aliyeinama kumuaga marehemu aliona vitundu viwili kwenye ukosi wa koti. Hakuna aliyeuliza. Watu wa Meenadoran hawaulizi msibani. Wanaulizana wakisharudi makwao.

Kisha ikafika saa ya kumtoa kanisani kwenda makaburini. Huko, baba akifa, mwanawe hutangulia kutia bega chini ya jeneza. Malachy, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alikataa. Alisimama kando ya ukuta wa kanisa, mikono mfukoni, parokia nzima ikimwona, na watu wengine sita wakambeba baba yake. Assumpta alimwona pia. Hakumwita. Angemwita kwa kinywa gani? Yeye ndiye aliyekuwa amemfundisha mtoto yule kunusa kikombe cha baba yake, na kupekua nyasi ghalani akitafuta chupa. Hawakupata hata moja, na kwa kuwa hawakupata, waliamini kwamba Conal alikuwa fundi wa kuficha.

Miaka kumi na minne ilipita. Malachy alihamia mjini, akafungua karakana ya matairi, akawa anakuja nyumbani Krismasi tu. Hakuwahi kugusa pombe. Gráinne, mdogo wake, alibaki na mama yake, akifundisha shule ya msingi palepale kijijini.

Jumapili moja ya Februari, baada ya misa, padri alitangaza kwamba kuna wauguzi ukumbini wanaopima watu wote wa parokia, bure, kwa tone la damu. Ni ugonjwa wa kurithi, alisema, mwili unalimbikiza madini ya chuma hadi yanauharibu, na watu wa pande hizi wanao kuliko watu wowote duniani.

"Hatimaye tumeshinda kitu," alisema mzee mmoja kwenye benchi la nyuma, na kanisa zima likacheka.

Gráinne akapima. Assumpta naye akapima, kwa sababu foleni ilikuwa na watu aliotaka kuzungumza nao.

Wiki tatu baadaye muuguzi alifika kwao na bahasha mbili. Jina lake Orlaith Devenney, msichana mwenye mafua na koti kubwa kuliko yeye. Alikaa jikoni, akapewa chai na kipande cha keki.

"Gráinne, wewe una nakala mbili za jeni ya ugonjwa ule," alisema. "Moja kwa mama, moja kwa baba. Usiogope. Chuma chako ndio kwanza kinaanza kupanda, tutakuwa tunakutoa damu mara kwa mara na utazeeka kama wenzako. Mama ana nakala moja tu, yeye haimdhuru."

"Yaani nimempa mwanangu ugonjwa?" Assumpta aliuliza.

"Umempa nusu, mama. Hukujua. Hata mimi nimeibeba moja, mtu mmoja kati ya watano hapa anayo." Akafungua daftari. "Na baba yake, alifariki kwa ugonjwa gani?"

"Ini," Assumpta alisema. "Pombe."

"Alikuwa anakunywa sana?"

Gráinne alimtazama mama yake.

"Hakuna aliyewahi kumwona," Assumpta alisema polepole.

Orlaith aliweka kalamu chini. "Alikuwa na kisukari?"

"Miaka yake ya mwisho."

"Alichoka ovyo?"

"Mchana alikuwa analala kama mtoto. Nilijua ni hangova."

"Na ngozi yake? Ilikuwa na rangi gani?"

Gráinne ndiye aliyejibu. "Alikuwa kahawia. Hata Januari, wakati hakuna jua. Majirani walikuwa wanamtania, 'Conal, unatoroka lini kwenda kuota jua Hispania, mbona hutuagi?'" Alicheka kidogo, halafu akaona uso wa muuguzi, akaacha.

"Bi Breslin," Orlaith alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "ini linaweza kuharibika hivyo bila tone la pombe. Chuma peke yake kinatosha. Sisemi nina hakika."

"Hakika inapatikana wapi?"

"Kama hospitali walimkata kipande cha ini kukipima, huwa wanakihifadhi ndani ya nta. Miaka mingi. Ukiweka sahihi, kitapimwa."

Assumpta aliweka sahihi hapohapo, pembeni ya keki. Mwezi wa Aprili jibu likaja kwa posta. Ini lilijaa chuma. Nakala mbili. Aliisoma barua amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akatoka nje na kukaa ghalani hadi Gráinne aliporudi kutoka shule.

"Malachy," ndilo neno la kwanza alilosema. "Ulimwona Krismasi, ile rangi yake?"

"Nilimwona, mama." Gráinne alikuwa tayari ameshika simu.

Malachy alipokea katikati ya kelele za karakana. Gráinne alimweleza habari ya vipimo, ya ini, ya kurithi, lakini habari ya barua hakuitaja, maana mama yake alikuwa amemshika mkono na kutikisa kichwa.

"Ini?" Malachy alisema. "Gráinne, mimi sinywi. Mwambie huyo nesi wako awafuate walevi, wapo tele, atawakuta wamejipanga pale baa."

"Si ugonjwa wa walevi, we mbishi!"

"Baba alikufa kwa ugonjwa gani, malaria? Niache nifanye kazi, dada." Akakata.

Gráinne aliiweka simu mezani. "Hatapima, mama. Ataendelea kusema hivyohivyo mpaka tumzike. Lazima ajue habari ya baba."

"Akijua habari ya baba yake, atajua na yangu."

"Ndiyo."

"Alinisikiliza mimi, Gráinne. Alikataa kumbeba kwa sababu yangu. Tayari namwona Krismasi tu. Nikimwambia, hata hiyo Krismasi sitamwona."

Gráinne alimgeukia. Alikuwa na macho ya baba yake, na Assumpta alishindwa kuyatazama.

Kesho yake aliendesha gari peke yake hadi mjini. Karakana ilikuwa wazi, na kijana aliyekuwa chini ya gari, Packie, alipoona viatu vyake alipaza sauti, "Malachy! Mama yako huyu! Mfiche yule mchumba!"

"Mchumba gani? Nani atakubali mtu ananuka mpira hivi?" Malachy alitokea akifuta mikono. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mashavu yake yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea. "Mama? Kuna nini? Gráinne?"

"Gráinne mzima. Tuingie ndani."

Ofisi ilikuwa na kiti kimoja. Malachy alimpa, yeye akaegemea mlango. Assumpta hakuzunguka, maana alijijua, akizunguka atarudi nyumbani bila kusema.

"Baba yako hakunywa pombe. Hakunywa hata siku moja. Ilikuwa chuma, kilikuwa kwenye damu yake, na kuna barua ya hospitali. Nilimsingizia, nikakufundisha na wewe umsingizie. Na sasa wewe una rangi yake. Nenda ukapime, Malachy. Ukishapima, fanya unavyotaka na mimi."

Alimpa barua. Malachy, aliyezoea kusoma haraka, aliisoma kwa muda mrefu. Nje Packie alikuwa anapiga mluzi.

"Nilisimama pale ukutani," Malachy alisema hatimaye.

"Najua."

"Mjomba alinishika mkono akaniambia, 'Njoo, mwanangu, utajuta.' Nikamtukana."

"Ulikuwa mtoto."

"Wewe hukuwa mtoto, mama."

Assumpta aliinamisha kichwa. Neno lile alikuwa amelitarajia, na bado liliingia mahali ambapo hakuwa amejiandaa.

"Hao wauguzi wako wapi?" Malachy aliuliza.

"Jengo la nyuma ya hospitali. Hadi saa kumi."

Alivua ovaroli, akaitundika msumarini, akapita mbele ya mama yake bila kumgusa. "Packie, nafunga kwa leo," alisema nje. Assumpta alibaki kwenye kile kiti kimoja mpaka sauti ya gari la mwanawe ilipopotea.

Malachy alikuwa na nakala mbili. Chuma chake kilikuwa kingi kiasi kwamba Orlaith aliagiza damu ipimwe tena, akidhani mashine imekosea. Ini lilikuwa limeanza kupata makovu. Limewahiwa, walisema, lakini si mapema kama la dada yake. Atatolewa mfuko mzima wa damu kila wiki, mwaka mzima au zaidi, na siku hiyo asiendeshe gari, maana atasikia kizunguzungu.

Gráinne alikuwa kazini kila Alhamisi. Packie hakuwa na leseni. Basi Assumpta akawa anakwenda kumchukua karakana, anampeleka, anamngoja kwenye korido, anamrudisha kwake. Malachy alikaa kiti cha nyuma kama abiria wa teksi. Alisema "karakana," au "nyumbani," na "asante" akishuka. Assumpta hakuthubutu kuwasha redio.

Zikapita Alhamisi sita hivyo. Ya saba, mvua ilikuwa inanyesha, na Malachy aliketi nyuma na bendeji kwenye kiwiko, anakunjua na kukunja vidole vya mkono wa kulia. Kondoo walikuwa wamejaa barabarani. Assumpta alisimamisha gari wapite.

"Mama."

Alishtuka. Alimtazama kwenye kioo.

"Hivi viungo viwili." Malachy aliinua kidole cha shahada na cha kati. "Asubuhi vinaniuma, siwezi hata kushika spana. Nesi anasema ndiyo dalili yenyewe. Baba naye vilikuwa vinamuuma?"

Assumpta alimkumbuka Conal asubuhi moja mbele ya dirisha, anahangaika na kifungo cha shati, kinateleza, anajaribu tena. Yeye alikuwa anakoroga uji. Alikuwa amesema, bila kugeuka, "Mikono ya mlevi hiyo," na Conal akaenda kazini shati wazi.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sikumwuliza."

Kondoo wa mwisho alivuka. Nyuma yao mtu alipiga honi, mara moja, kwa adabu, kisha mara ya pili, na Assumpta hakuweza kuliondoa gari.